Neno "run" lina maana ngapi, na mbona nyingi hazina anayekimbia?

Swali: Nimejifunza Kiingereza kwa miaka minne. Neno "run" nililijua wiki ya kwanza kabisa: kukimbia. Sasa kila ninaposoma nalikuta mahali ambapo hakuna anayekimbia. Pua "runs", barabara "runs", duka "is run" na mtu aliyetulia kwenye kiti. Juzi nimekwama kwenye sentensi hii: "She ran the idea past her boss and then ran with it." Nikaitafsiri hivi: "Alikimbiza wazo likampita bosi wake, kisha akakimbia nalo." Najua nimekosea, ila sijui wapi. Neno hili lina maana ngapi hasa? Na unaweza kunipa orodha ya visawe vyake niikariri, yaishe?

Jibu: Nianze na hesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kamusi kubwa ya kihistoria ya Oxford ilipotoa toleo lake la pili mwaka 1989, juzuu 20 nzima, neno lililokula kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa "set". Lilipewa maana zipatazo 430, zikaelezwa kwa maneno kama 60,000. Wahariri walipoanza kuipitia upya kamusi hiyo kwa ajili ya toleo la tatu, "make" ikaipiku "set" mwaka 2000, "put" ikachukua nafasi mwaka 2007, na mwaka 2011 ikaja "run" ikawapita wote: maana 645, tena kwa kitenzi peke yake, nomino haijaguswa. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa nayo miezi tisa. Muda wa kubeba mimba, kwa herufi tatu.

Usitishike na namba hiyo. Kamusi ya kihistoria haitupi kitu. Maana iliyokufa zamani inabaki humo na tarehe yake ya kuzaliwa na ya kufa, pamoja na maana za wawindaji, mabaharia, wachimba madini na wacheza kriketi. Tena hesabu yenyewe inategemea jicho la mhesabuji. Basi linalofanya safari kila saa na treni inayofanya safari kila saa, je, hiyo ni maana moja au mbili? Mhariri mmoja atazifunga pamoja, mwingine atazitenganisha, na wote wawili watakuwa na hoja. Ndiyo sababu kamusi ya wanafunzi iliyo mezani kwako ina maana chache sana kuliko hizo, na haijakudanganya.

Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755, alilalamika kuhusu jambo hili hili kwenye dibaji. Alitaja kundi la vitenzi vilivyomtesa, "get", "put", "set", "go", "run", "make", "take" na vingine, akasema uhusiano wa maana zake hubadilika kila saa, na kwamba kuvieleza kwenye kamusi ni kama kutaka kuuchora msitu unaotikiswa na dhoruba kwa kutazama taswira yake majini. Sijaona aliyelisema vizuri zaidi.

Na kabla hujawahurumia Waingereza, jihurumie mwenyewe. Sisi tuna "piga". Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, deki, hodi, chafya, magoti, kura na soga, na hakuna hata kimoja kinachoumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akishakariri kwamba kupiga ni kutwanga mtu ngumi, anakutana na mtu aliyepiga magoti na kubaki ameduwaa, kama wewe ulivyoduwaa mbele ya pua inayo-"run". Wewe hukuwahi kukariri maana za "piga" moja moja. Ulilipokea kila tendo pamoja na jina lake: pasi hupigwa, chai hunywewa, basi. Shikilia hilo, nitalirudia.

Sasa kosa lako liko wapi? Liko wiki ile ya kwanza. Uliambiwa "run" ni "kukimbia", na tangu siku hiyo unamtafuta mkimbiaji kila mahali. Kwa maoni yangu, ndugu wa karibu zaidi wa "run" katika Kiswahili ni "enda", pamoja na watoto wake "endesha" na "endelea". Kukimbia ni namna moja tu ya kwenda. Kiini cha "run" ni kitu kilicho katika mwendo, kinachokwenda bila kukwama. Jaribu kuitazama mifano yako kwa jicho hilo. "The road runs along the river": barabara inakwenda sambamba na mto. "The buses run all night": mabasi yanakwenda usiku kucha. "The contract runs for three years": mkataba unakwenda miaka mitatu. "He runs a shop": anaendesha duka. Hata lugha yetu, bila kushauriana na mtu, imeweka gari, mkutano, kesi na biashara chini ya kitenzi kimoja, "endesha", sawasawa na wao walivyofanya.

Historia inaunga mkono. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vya mzizi mmoja. Kimoja kilikuwa cha kitu kinachokwenda chenyewe, "irnan" au "rinnan", na kilitumika kwa miguu na kwa maji vilevile. Kingine, "ærnan", kilikuwa cha kukifanya kitu kiende, kwa mfano kumtimua farasi. Kijerumani cha leo bado kina jozi kama hiyo: "rinnen" ni kutiririka, "rennen" ni kukimbia. Kwa hiyo pua inayo-"run" si utani wala sitiari ya vijana wa juzi. Kutiririka kumo ndani ya neno hili tangu zamani kama kukimbia kulivyomo.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachokusumbua wewe. Vile vitenzi viwili vya Kiingereza, vikisukumwa pia na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza, viliungana vikawa kimoja. Tofauti kati ya "kwenda" na "kuendesha" ikafutika kwenye umbo la neno. Sisi tofauti hiyo tunayo mdomoni: enda, endesha, kimbia, kimbiza, pita, pitisha. Unyambulishaji wetu wa kauli ya kutendesha ni kazi ambayo Kiingereza kiliwahi kuwa nayo kwa njia ya kubadili irabu, na mabaki yake bado yapo: "sit" ni kukaa na "set" ni kukalisha, "fall" ni kuanguka na "fell" ni kuangusha mti, "rise" na "raise", "lie" na "lay". Kwa "run", mabaki hayo hayapo. "The engine runs" na "he runs the engine" zinavaa nguo moja. Kwa hiyo ukikutana na "run", swali la kwanza si "ni maana ya ngapi?" Jiulize: je, kuna kitu mbele yake kinachoendeshwa? Kama kipo, waza "-esha". Kama hakipo, waza "enda". Swali hilo peke yake litakutatulia sehemu kubwa ya sentensi zako.

Hata hivyo lina mipaka yake. Nikiwa kijana katika kazi ya kutafsiri, nilipewa dodoso la makazi lenye swali "Does your house have running water?" Nikaandika, kwa kujiamini kabisa: "Je, nyumba yako ina maji yanayokimbia?" Mama mmoja aliyesomewa swali hilo akauliza yanamkimbia nani. Hapo "running water" ni maji ya bomba, wala hakuna mwendo wa kutafsiri. Lakini ukiambiwa "wash your hands under running water", maji ya bomba hayatoshi kama jibu, kwa sababu ndoo iliyojazwa bombani nayo ina maji ya bomba. Wanachotaka ni maji yanayotiririka. Maneno ni yale yale mawili, moja linauliza nyumba imeunganishwa na mtandao wa maji, lingine linaeleza namna ya kunawa.

Familia ya vimiminika, kwa jumla, ndiyo inayotudai maneno mengi ya kwetu. Machozi yanatiririka, kamasi zinachuruzika, damu inavuja, na wote hao Mwingereza anawapa "run". Nguo ikifuliwa rangi ikatoka, husema "the colours ran". Usiandike rangi zilikimbia, andika nguo imechuja. "Run a bath" ni kufungulia maji ya kuoga yajae. "Run dry" ni kukauka, kwa kisima na kwa fikra za mwandishi pia.

Hapo kwenye "run dry" kuna kundi jingine dogo lenye tabia yake. "Run" ikifuatwa na kivumishi, mwendo unabaki kivuli tu na maana inakuwa kuingia katika hali fulani: "run low" ni kupungua na kukaribia kuisha, "run late" ni kuchelewa, "run wild" ni kukosa wa kumzuia. "Feelings ran high" tungesema jazba zilipanda. Hali hizi nyingi si za raha, utaona mwenyewe ukianza kuzikusanya.

Mashine ndizo zilizoipa "run" nguvu mpya. Tangu viwanda na reli vilipoingia, kila kinachozunguka, kunguruma au kufuata ratiba kilipewa kitenzi hiki, na kompyuta zilipokuja zikakirithi. "The engine is running": injini inawaka, au inafanya kazi. "Run the program": endesha programu. "Run a test" ni kufanya jaribio. "Run a temperature", ajabu, ni kuwa na homa, kana kwamba mgonjwa ndiye anayeiendesha.

Siasa nayo inachekesha. Marekani mgombea "runs for office", anakimbia. Uingereza kwa desturi "stands for Parliament", anasimama. Sisi anagombea, na ukilitazama neno letu kwa karibu utaona humo mna kugombana. Sijui nani kati yetu amesema kweli zaidi.

Sasa vile viambatanishi vidogo vinavyofuata nyuma, "out", "into", "over", "up", "down", "off", "through". Hivi ndivyo vinavyowaangusha hata wasomaji wazoefu, na hapa nataka tutazame jozi moja kwa makini:

"We ran out of the room."
"We ran out of room."

Tofauti ni "the" tu. Ya kwanza: tulitoka chumbani mbio. Ya pili: tuliishiwa nafasi. Katika ya kwanza "run" ni miguu, na "out of" inaeleza tulikotoka. Katika ya pili "run out of" ni kitenzi kimoja kilichogandana, hakigawanyiki, na "room" si chumba tena, ni nafasi. Ndiyo maana sikushauri utafute "run" kwenye kamusi kisha utafute "out", ujumlishe. Hiyo ni kama mtu atafute "piga" kisha atafute "chini" apate maana ya kumpiga mtu chini, yaani kumwacha.

Vingine nitavitaja kwa haraka. "Run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia; "run into" nguzo ni kuigonga; "run into" matatizo ni kukumbana nayo. "Run over" ni kumgonga mtu kwa gari, lakini mkutano uki-"run over" umepitiliza muda. "Run up a debt" ni kulimbikiza deni. "Run through" ni kupitia kwa haraka. "Run down" ina sura tatu zisizofanana: kumsema mtu vibaya, betri kuisha chaji, na jengo kuchakaa. "Run off" ni kutoroka, ila "run-off" ya uchaguzi ni duru ya pili.

Nomino zina mambo yake, na nyingi utazielewa kwa kuyaangalia mazingira. "In the long run" ni hatimaye. "On the run" ni mtu anayesakwa. "A dry run" ni mazoezi kabla ya jambo lenyewe. "A run" kwenye soksi ndefu ni uzi uliofumuka, kwenye kriketi na beziboli ni alama inayohesabiwa. "A run on the bank" ni watu kukimbilia benki kutoa akiba zao kwa pamoja. Hapa, mara moja, kukimbia kumerudi, na "kukimbilia" yetu inakaa vizuri kuliko tafsiri yoyote.

Tuje kwenye orodha ya visawe uliyoniomba. Sitakupa ya kukariri, kwa sababu visawe vya "run" si visawe vyenyewe kwa vyenyewe. Kitabu cha visawe kitakuwekea "sprint", "manage", "flow", "extend" na "smuggle" kwenye ukurasa mmoja. Naam, "smuggle", kwani "run guns" ni kusafirisha silaha kwa magendo. Mtu akichukua yoyote kati ya hayo bila kuangalia maana iliyo mbele yake, ataandika kwamba mama yake "flows" duka.

Chagua maana kwanza, ndipo utafute kisawe, kisha ukijaribu ndani ya sentensi yako. Tuchukue maana ya kuendesha. "Manage" inakaa vizuri kwenye duka au hoteli, ila inaweza kumfanya msomaji afikirie meneja aliyeajiriwa. "Run" haimjali mwenye mali ni nani. "Operate" inapenda mashine na huduma: mtambo, kivuko, njia ya mabasi. Usi-"operate" familia. "Conduct" ni ya utafiti na mahojiano. "Administer" ni ya kiofisi, mali ya marehemu, mtihani, na pia dawa anayopewa mgonjwa. "Head" ni cheo. Ona sentensi hii: "She heads the department, but her deputy runs it." Yeye ndiye mkuu wa idara, lakini anayeiendesha ni naibu wake. Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anaijua idara hiyo. Kama "head" na "run" zingekuwa visawe kamili, sentensi hiyo ingekuwa upuuzi.

Upande wa miguu ni hivyo hivyo. "Jog" ni mbio za taratibu, za mazoezi. "Sprint" ni mbio fupi kwa nguvu zote. "Dash" ni kuchomoka ghafla kwenda mahali karibu. "Bolt" ina hofu ndani yake, ya farasi aliyeshtuka. "Flee" ina hatari nyuma yake, na haina haja ya miguu: mtu anaweza "flee the country" akiwa amelala kwenye kiti cha ndege. Sisi nasi tuna za kwetu, kutimua mbio, kuchomoka, kutoka nduki, kutoroka, na unajua bila kufundishwa kwamba mwanariadha hatoki nduki kwenye mashindano. Anatoka nduki mwizi.

Kama unataka daftari la kukariri, liwe la jozi. Andika "run a risk", kujihatarisha. "Run an errand", kutumwa shughuli ndogo. "Run a red light", kupita taa nyekundu. "It runs in the family", ni jambo la ukoo. Neno pamoja na mwenzake, kama ulivyojifunza kwamba pasi hupigwa. Jozi ishirini ulizokutana nazo mwenyewe katika kusoma zitakufaa kuliko maana 645 za Oxford.

Nimebakiza sentensi yako. "She ran the idea past her boss." Kuna kitu mbele ya "run", "the idea", basi waza "-esha", au kwa hapa "-isha": alilipitisha wazo mbele ya bosi. "Run something past someone" ni kumweleza mtu jambo ili usikie anasemaje kabla hujalifanya. Ulipoandika "likampita", ulilifanya wazo lishindane mbio na bosi na kushinda. "Then ran with it" ni jozi nyingine, na humo kweli kuna mkimbiaji, wa mpira anaoushika mkononi na kuondoka nao kasi. Maana yake ni kulichukua jambo na kuliendeleza kwa moyo wote. Kwa hiyo sehemu yako ya pili ilikuwa karibu kuliko ulivyodhani. Mimi ningeandika: "Alimdokezea bosi wake lile wazo apate maoni yake, kisha akalivalia njuga."